KARATA ZA NYUMBANI NA MSHAHARA WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa genge la njia, katika mkutano wa wanachama na jamaa zao, Dallas, Embu.)



Nimeombwa niseme juu ya karata. Wengine wenu mmecheka, maana mnanijua. Ni kweli, mimi hucheza. Basi sikuja hapa kama mhubiri. Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa ya kwamba karata ni njia ya kupotea, na mtoto aliyeonekana nazo alichapwa. Sasa nimekuwa mtu mzima, nami nimeona ya kwamba karata ni makaratasi tu. Kinachompoteza mtu ni fedha anayoiweka hapo bila kufikiri.

Sisi wa Dallas wengine hututania kwa jina letu, kwa kuwa Dallas ile kubwa iko Texas, huko Marekani, na kuna poka yenye jina la Texas. Lakini poka tunayocheza hapa Kenya ni nyingine. Kila mtu hupewa karata chache, naye hufuata rangi au namba iliyo juu. Mbili na tatu humwokotesha mwenzako, jeki humruka, mfalme hugeuza njia, malkia na nane huuliza swali. Anayekaribia kumaliza lazima aseme, "Niko kadi!" Ni mchezo mzuri. Hata watoto huucheza bila senti moja. Tunapoweka fedha, kila mmoja hutoa sawa, na anayemaliza kwanza huchukua yote.

Sasa niwaambieni lililonipata.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wengi wetu tunaofanya kazi upande wa Sagana tulikuwa tumerudi, maana hapa Embu reli haifiki. Watu watano tulikaa chumbani kwangu, tukawa na chai na muguka. Dau lilikuwa shilingi 10. Kufika saa nne ya usiku mwenzetu mmoja wa genge letu alikuwa ameshindwa sana, akasema, "Tupandishe, nirudishe changu." Tukapandisha ikawa 50. Akashindwa. Tukapandisha ikawa 200. Mfuko wake ukaisha, akatoa simu akakopa, akatutumia. Hakuna aliyemzuia, na mimi mwenye nyumba sikumzuia. Tulipovunja mchezo nilikuwa nimepata shilingi 3,400, na nyingi zilikuwa zake. Nikalala kwa furaha.

Asubuhi mke wake alibisha hodi. Alikuja kuazima unga kwa mke wangu. Akasema, "Baba watoto ameniambia mshahara umechelewa." Mke wangu akampimia kilo mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na suruali yangu imetundikwa msumarini, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na chakula cha watoto wa yule mama. Alishukuru sana kwa unga ule. Ndugu zangu, sijapata kuona aibu kama ile, wala hakuna mtu aliyenitukana.

Jumatatu nilimrudishia mwenzangu nusu. Akakataa, akasema yeye si ombaomba. Wiki tatu hakusema nami. Nanyi mnajua kazi yetu. Reli hainuliwi na mtu mmoja. Huinuliwa na watu wengi kwa sauti moja. Asiyesema nawe atainuaje nawe? Mguu wa mtu ungeweza kuvunjika kwa ajili ya karata. Mwisho mke wangu alizipeleka zile fedha kwa mke wake, wao kwa wao, bila maneno mengi. Tunasalimiana sasa. Lakini kucheza kwangu hajarudi.

Basi nilikaa nikachukua kalamu, nikapiga hesabu ambayo ningaliipiga kabla ya kucheza.

Watu watano wakileta shilingi 200 kila mmoja, mezani mna 1,000. Wakicheza usiku kucha, asubuhi mna 1,000 zile zile. Fedha haizai mezani. Mkulima wa Manyatta akipanda chai, kitu kinaongezeka duniani. Sisi tukicheza karata hakuna kinachoongezeka, kinahama tu mfuko. Na kinahama kutoka mfuko wa nani? Si wa tajiri wa Nairobi. Ni wa mtu unayevuta naye kamba moja. Kwa hiyo anayesema atacheza nyumbani ili alipe kodi, maana yake ni ya kwamba kodi yake italipwa na kodi ya jirani.

Hesabu ya pili ni ya bahati. Kama watano mnajua mchezo sawasawa, kila mchezo mmoja unashinda mara moja katika tano. Watu hudhani basi katika michezo kumi lazima upate miwili. Sivyo. Kushindwa michezo kumi mfululizo hutokea karibu usiku mmoja katika kila tisa au kumi. Si uchawi, wala mwenzako hakuibi. Ndivyo bahati ilivyo. Kwa dau la 10 umepoteza shilingi 100, bei ya kukaa na rafiki jioni. Kwa dau la 200 umepoteza 2,000, na hiyo ni karibu kodi yangu ya mwezi.

Hesabu ya tatu ndiyo iliyomwua mwenzangu. Tuseme mtu anashindwa, naye anataka dau liongezwe mara mbili kila safari: 10, 20, 40, 80, 160, 320, 640, 1,280. Ni michezo minane tu, na jumla ni shilingi 2,550. Karata zile hazikumbuki ya kwamba ulishindwa jana au sasa hivi. Hazina huruma nawe, wala hazina deni lako.

Tena kuna jambo jipya ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Zamani mfuko ukiisha mchezo uliisha, mtu akaenda kulala. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikopo ya simu ikafuata, mfuko hauna mwisho. Mtu akiwa amekaa kitini anaweza kucheza mshahara ambao hajaufanyia kazi. Na michezo ya kubahatisha yenyewe imeingia ndani ya simu, ambako mwenye kampuni huchukua fungu lake siku zote. Karata za nyumbani zina nafuu hii moja, ya kwamba hakuna anayekata fungu. Tusiiharibu nafuu hiyo kwa kuleta simu mezani.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tumeweka sheria, nami nawaombeni mzifikirie:

1. Mshahara ukiingia, kwanza kodi, chakula, karo, na mchango wa Sacco. Kinachobaki ndicho cha kugawa. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi andika.

2. Fedha ya karata ipangwe kabla ya kukaa, iwe mkononi, na ihesabiwe kama imekwisha kutumika. Kwetu ni shilingi 200 kwa usiku, mara moja kwa mwezi. Anayeweza 50, alete 50.

3. Dau haliongezwi mchezo ukiisha kuanza. Anayeshindwa haombi kupandisha, na anayeshinda hakubali.

4. Simu zote huwekwa kikapuni kwa mwenye nyumba. Hakuna kukopesha mezani, hata ndugu kwa ndugu.

5. Saa ya kuvunja itajwe mwanzoni. Dereva wa gari la moshi hafungi breki akiwa amefika mwisho wa njia. Hufunga mapema, kabla ya kuona kituo.

6. Mwenye nyumba asichukue fungu. Akichukua, hiyo si starehe tena, ni biashara ya kamari, na biashara ya kamari hutaka leseni. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 asiweke fedha hata kidogo.

7. Mke ajue kiasi. Kama huwezi kumtajia, basi ni kingi mno.

Wengine watasema ya kwamba dau la shilingi 10 ni mchezo wa watoto. Mimi nasema hivi: pima dau kwa uso wa mwenzako, usilipime kwa mfuko wako. Jiulize, "Huyu akipoteza yote aliyokuja nayo, je, kesho nitaweza kumtazama mke wake mlangoni?" Kama jibu ni ndiyo, gawa karata. Kama jibu ni hapana, teremsha dau, au chezeni bure. Kelele za "Niko kadi!" hazipungui kwa kuwa hakuna fedha.

Chama chetu hudai nyongeza ya mshahara, na ni haki. Lakini nyongeza ile tuliyoidai pamoja mchana, tusinyang'anyane usiku.

Akina mama, mkiona waume zenu wanakuja kwangu Jumamosi, karibuni nanyi. Chai ipo, na kikapu cha simu kipo.