KULA NA KUISHI KATIKA NCHI YA BARIDI
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa Mitole, Wilaya ya Kilwa)



Juzi mzee mmoja wa hapa Mitole alitusimamisha njiani. Akatuuliza: "Walimu, mjukuu wangu anataka kwenda kusoma Urusi. Huko watu wanakula nini? Atarudi mzima?" Tukamwambia, "Mzee, swali lako ni la wengi. Tutalijibu mbele ya wote."

Sisi wenyewe hatujafika Urusi. Lakini tumesoma, tena tumezungumza na mama mmoja wa pwani yetu hii. Yeye aliishi Moscow miaka minne pamoja na mumewe, aliyekuwa akisomea udaktari, na mtoto wao mdogo. Basi haya ndiyo tuliyoyapata.

Vijana wa Afrika walianza zamani kwenda kusoma huko. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua chuo kikuu mjini Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka 1961 chuo kilipewa jina la Patrice Lumumba, yule kiongozi wa Kongo aliyeuawa. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Likarudishwa mwaka 2023.

BARIDI NA JUA

Baridi ya huko si kama ya kwetu. Maji ya mto huganda, hata mtu akapita juu yake kwa miguu. Mwezi wa Desemba jua la Moscow huchomoza karibu saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni limekwisha zama. Mwezi wa Juni mambo hugeuka. Jua huchomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na huzama baada ya saa 3 usiku. Hebu fikirini Ramadhani ikiangukia Juni! Mfungaji hukaa zaidi ya saa 17 bila kula wala kunywa.

Siku moja yule mama alitoka na mtoto bila kumvisha kofia. Bibi mmoja wa Kirusi, asiyemjua kabisa, akamsimamisha barabarani akaanza kumfokea. Mama akadhani anatukanwa kwa ajili ya rangi yake. Kumbe bibi anasema, "Mfunike mtoto masikio!" Akavua shali yake mwenyewe, akamfunga mtoto kichwani.

Hatusemi kwamba wote walikuwa kama bibi huyo. Wako waliomtazama vibaya na kumtolea maneno ya ubaguzi. Ndivyo ilivyo, kila nchi ina watu na watu.

CHAKULA

Warusi hula sana mkate mweusi wenye uchachu kidogo, viazi mviringo, kabichi na samaki wa chumvi. Wana supu nyekundu ya bitiruti, waiitayo borshi. Wana uji mzito wa nafaka, waitao kasha. Maziwa ya mgando wanayo pia, na chai hawaachi.

Yule mama alitafuta unga wa muhogo, hakuupata. Wanafunzi wenzao wa Afrika wakamwonyesha semolina, yaani ngano iliyosagwa chengachenga. Unachemsha maji, unasonga kama ugali. "Haina ladha ya nyumbani," alituambia, "lakini mchuzi inaushika."

Nyama ya nguruwe ni nyingi huko, na soseji nyingi huchanganywa nayo. Kwa hiyo Mwislamu sharti aulize kabla ya kununua. Lakini Urusi ina Waislamu wake wengi, kama vile Watatari. Wana misikiti, na wana maduka ya nyama halali.

WANAVYOWEKA AKIBA

Jambo lililomshangaza zaidi ni akiba. Familia nyingi za mjini zina kishamba nje ya mji. Kipimo cha kawaida kilikuwa mita za mraba 600. Hiyo ni kama sehemu moja ya saba ya eka! Humo hupanda viazi, kabichi, matango na vitunguu wakati wa joto.

Kabichi huikata nyembamba, wakaitia chumvi, kiasi cha gramu 20 kwa kila kilo. Huikandamiza ndani ya chombo hadi itoe maji yake na kufunikwa nayo, kisha huweka kitu kizito juu. Baada ya siku kadhaa inachacha, nayo hudumu miezi ya baridi. Mboga hiyo huwakinga watu na kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu kwenye ufizi.

Kwa nini wanaheshimu chakula hivyo? Kwa sababu wanaijua njaa. Kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944 majeshi ya Hitler yaliuzingira mji wa Leningrad. Mwishoni mwa mwaka 1941 watu wengi wa mji huo walipewa gramu 125 tu za mkate kwa siku. Ni kipande cha kuenea kiganjani! Watu wengi mno walikufa kwa njaa.

Jamani, habari hiyo si ngeni kwetu. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, wilaya yetu hii. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Sasa tujiulize. Sisi tunajua kutengeneza makopa. Tunajua kuanika majani ya kunde. Mbona maembe yanaoza chini ya miti kila mwaka? Yakatwe nyembamba, yaanikwe juani mahali safi. Na tukiuza ufuta, tusisahau chakula cha nyumbani.

JIBU KWA MZEE

Mzee wetu, mjukuu wako atakula, na baridi ataizoea. Lakini tusikufiche jambo. Vita vikubwa kati ya Urusi na Ukraine vilianza Februari 2022. Januari 2023 Serikali yetu ilithibitisha kifo cha kijana Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma. Alifungwa gerezani, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana. Akafa vitani Oktoba 2022.

Kwa hiyo ulizeni: Nani analipa? Chuo gani? Kazi gani? Zamani tulitia dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Leo tunasoma. Basi mjukuu asitie sahihi karatasi ya lugha asiyoielewa, hata akiahidiwa mshahara mkubwa namna gani.



MASWALI YA KUJADILI
1. Je, ni chakula gani kinachoharibika kijijini kwetu, nasi tunaweza kukihifadhi?
2. Mgeni akifika kijijini na mtoto, sisi humsaidiaje?
3. Mtu akikuletea karatasi ya kutia sahihi, utauliza nini kwanza?