Damu, Mchukuzi wa Hewa



Nataka kuwaeleza habari ya damu. Kila mtu ajua kwamba asiyevuta pumzi hufa, lakini si wengi wajuao hewa huendaje baada ya kuingia kifuani. Haifiki kichwani wala miguuni yenyewe. Yahitaji mchukuzi, na mchukuzi huyo ni damu.

Fikirini mitumbwi iendayo kisiwa cha Bumbire. Hutoka bara imejaa ndizi, hushusha mizigo kisiwani, kisha hurudi na dagaa. Ndivyo zilivyo chembe nyekundu za damu. Ndani yake mna kitu kiitwacho himoglobini, nacho ndicho kinachoifanya damu kuwa nyekundu. Kila himoglobini moja ina mahali panne penye chuma, na kila mahali hushika oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa itupayo uhai. Katika mapafu oksijeni ni nyingi, basi himoglobini huishika. Ikifika katika misuli ya mtu alimaye, ambamo oksijeni ni haba, huiachilia. Kisha damu hurudi na hewa chafu, nayo hutolewa kwa pumzi.

Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na mwili hauna budi kutengeneza nyingine. Kazi hiyo yahitaji chuma, nacho si kingi: chuma chote kilicho mwilini mwa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu. Kwa hiyo damu ikiharibiwa upesi kuliko inavyotengenezwa, mtu yu hatarini.

Adui wa kwanza ni malaria. Kijidudu chake huingia katika chembe nyekundu, hula himoglobini, huzaana humo, kisha huipasua chembe na kutafuta nyingine. Watu wa Muleba hawajasahau mlipuko wa malaria wa mwaka 2006. Mwaka 2007 kazi ya kupuliza dawa katika kuta za nyumba ilianza huko. Mtoto aliyepungukiwa damu huhema upesi, ingawa hewa imejaa nyumbani. Wengine husema ni kifua, wengine husema amerogwa. Kumbe mzigo uko bandarini, ila mitumbwi imezama. Tazameni viganja vyake na ndani ya kope za macho: vikiwa vyeupe, mpelekeni hospitali siku ile ile, msingoje kesho. Pengine ataongezewa damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Hutolewa na mtu mzima mwenye afya kama ninyi.

Adui wa pili ni safura. Minyoo yake huingia kwa nyayo za asiyevaa viatu, hukaa tumboni na kunyonya damu kidogo kidogo, hata mtoto wa shule akawa mvivu bila kosa lake. Choo na viatu ndiyo kinga yake.

La tatu ni ugonjwa wa kurithi, nao ni selimundu. Himoglobini ya mgonjwa ikiisha kuachilia oksijeni, chembe zake hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mtoto huupata akirithi kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena hukingwa na malaria kali. Jambo hilo lilionyeshwa na Daktari Anthony Allison mwaka 1954, baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Ndiyo sababu selimundu ni nyingi katika nchi zenye malaria, kama hizi za kandokando ya Ziwa. Basi wazazi wasilaumiane, wala mtu asinyoshewe kidole kwa uchawi.

Tena kuna habari ya chakula. Ndizi hushibisha, lakini chuma chake ni kidogo. Ziandamane na maharagwe, dagaa, mboga za majani, na nyama ipatikanapo. Chai na kahawa zinywewe baadaye, si pamoja na chakula, kwa maana huzuia chuma kisiingie mwilini.

Walimu, wafundisheni watoto haya. Wazee, hakikisheni kila mtoto na kila mama mja mzito analala ndani ya chandarua chenye dawa. Na mwonapo mtoto ahemaye, viganja vyeupe, msiulize nani amemroga. Ulizeni nani ana chombo cha kumfikisha hospitali.