Mbwa wa Kazi Hupimwa kwa Kazi Yake, Si kwa Jina

Hotuba kwa wakazi kuhusu uzalishaji wa mbwa chotara, faida zake na wajibu wa mfugaji

 

Mada ya leo ni mbwa wa kazi: yule anayelinda boma usiku, yule anayebweka fisi anaponyemelea zizi, na yule anayenusa mizigo bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Swali ni moja. Je, ni vyema kuchanganya mbegu mbili za mbwa ili kupata chotara? Jibu ni kwamba inafaa pale mambo matatu yanapokuwepo: kazi inayojulikana, wazazi wenye afya na tabia njema, na makao ya kila mtoto atakayezaliwa. Likikosekana moja, hasara humwangukia mnunuzi, jirani na mbwa mwenyewe.

Wafugaji wanajua maana ya chotara. Fahali wa Sahiwal amepandishwa na zebu wa kienyeji kwa miaka mingi ili apatikane ndama mwenye mwili mkubwa na anayevumilia ukame. Kuku wa kienyeji walioboreshwa wako katika maboma mengi. Lakini ikifika zamu ya mbwa, maarifa hayo husahaulika. Dume la jirani likisifiwa kuwa kali, jike hupelekwa kwake, na baada ya siku 63 hivi kuna watoto wanane ambao hakuna aliyewapangia mahali pa kwenda.

Wanaoamini kwamba mbegu safi pekee ndiyo bora wakumbuke kwamba kila mbegu ilianza kwa kuchanganywa. German Shepherd, anayependwa sana na walinzi wa Kenya, alitokana na mbwa wa wachungaji wa sehemu mbalimbali za Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz alimnunua mbwa aliyemwita Horand na kuanzisha chama cha mbegu hiyo. Alichosisitiza ni uwezo wa kufanya kazi, kisha ndipo sura.

Hata leo, chotara wanafanya kazi nzito. Nchini Uingereza, mbwa wengi wanaowaongoza watu wasioona ni mchanganyiko wa Labrador na Golden Retriever. Nchini Uholanzi, mbwa wengi wanaofunzwa kwa ajili ya polisi ni chotara wa Malinois na mbwa mchungaji wa Kiholanzi. Hao hawahitaji cheti cha ukoo ili wakubalike. Wanafanyiwa mtihani, na anayefaulu ndiye anayepewa kazi.

Kuchanganya kunaweza pia kuokoa afya. Mbwa aina ya Dalmatian, yule mweupe mwenye madoa meusi, alikuwa na kasoro ya kurithi inayoongeza asidi ya yuriki mwilini na kusababisha mawe kwenye kibofu. Kwa kuwa kasoro hiyo ilienea katika mbegu nzima, kuwapandisha wao kwa wao hakukuweza kuiondoa. Mwaka 1973 mwanasayansi wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha akawarudisha wazao kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, akichagua wasio na kasoro. Wazao wa mpango huo wana sura ya Dalmatian, na tatizo hilo halimo. Huo ni uchanganyaji wenye lengo, kumbukumbu na subira.

Upande wa pili unaonekana Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron, aliyesimamia uzalishaji wa mbwa wa kuwaongoza wasioona katika jimbo la Victoria, alipokea ombi la mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Conron alipandisha Labrador na Poodle. Watoto watatu wakazaliwa, na sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii. Ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, aliyemfaa mume huyo. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, lakini matokeo tofauti.

Watu hawakutaka kuwalea chotara wale, kwa hiyo Conron alibuni jina jipya, Labradoodle. Jina likavuma. Wafanyabiashara wakaanza kuzalisha mbwa hao kwa wingi, wengine bila kuangalia afya ya wazazi. Mwaka 2019 Conron alikiambia kituo cha ABC cha Australia kwamba anajutia jambo hilo. Kazi ilikuwa njema. Kilichoharibika ni biashara iliyobaki na jina na kuitupa kazi.

Onyo jingine liko hapa nyumbani. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anasifika kwa kustahimili minyoo ya tumbo. Kuanzia miaka ya 1970, madume ya Dorper, mbegu ya Afrika Kusini, yalisambazwa kwa wafugaji wa Kenya kwa sababu ya nyama nyingi. Chotara walipendwa, lakini upandishaji ukaendelea bila mpango, na kondoo halisi wa Kimaasai wakapungua sana. Mbwa wa kienyeji naye asidharauliwe. Amezoea jua la hapa na mwendo wa mifugo. Mbwa wa manyoya mazito hulemewa na joto la nyanda za chini, hata kama ukoo wake ni wa kifahari.

Sasa kuhusu soko. Mkazi akiuziwa chotara wa German Shepherd na Rottweiler, mara nyingi huambiwa kwamba atapata akili ya mmoja na nguvu za mwingine. Tabia za mbwa hazichanganyiki kama chai na maziwa. Mtoto anaweza kurithi woga wa mama na ukali wa baba, na mbwa mwoga mwenye nguvu ni hatari kwa watoto wa nyumbani kuliko kwa mwizi. Isitoshe, mbegu zote mbili hukumbwa na ugonjwa wa nyonga. Pale ambapo wazazi wote wana kasoro ileile, kuchanganya hakuiondoi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo haya:

1. Mama wa watoto hawa yuko wapi, na anapokeaje wageni? Muuzaji anayemficha mama ana sababu.
2. Wazazi wana umri gani, na wamewahi kuchechemea au kupigwa eksirei ya nyonga?
3. Je, wazazi ni ndugu, au baba na binti? Kupandisha wa damu moja huzidisha kasoro za kurithi.
4. Watoto wametimiza wiki nane? Kabla ya hapo wasitenganishwe na mama.
5. Mbwa huyu atafanya kazi gani, na nani atamfunza?

Swali la mwisho ni zito. Malinois na chotara wake wamezalishwa ili wafanye kazi kutwa. Kumfungia mbwa wa namna hiyo ndani ya kibanda mchana kucha na kumfungulia usiku tu ni kumtesa, na ni kutengeneza mng'ataji. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka mwenye mnyama awajibike.

Kisha kuna wale watoto ambao hawakununuliwa. Wengi huachwa sokoni au kando ya barabara, wakakua bila chanjo. Hapo suala la mfugaji mmoja linakuwa la kijiji kizima. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana ni nadra mtu kupona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kila uzao usiopangwa unarudisha nyuma hesabu hiyo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti jukumu la ustawi wa wanyama na utoaji wa leseni za mbwa. Lakini leseni haiwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa mwenye jike. Asiye na mpango wa kuzalisha amwone daktari wa mifugo ili mbwa afungwe kizazi. Mwenye mpango ahesabu makao kwanza, kisha ndipo atafute dume.