Vijana wa Idjwi kati ya Desturi na Maisha ya Kisasa
(Neno la katekista siku ya Yubile)



Nimeombwa kusema juu ya vijana wetu. Wazee hulalamika: vijana wanakiacha Kihavu, macho yao yako kwenye telefoni. Vijana nao hujibu: desturi ni mzigo wa watu wa zamani. Naona pande zote mbili zimesahau jambo moja.

Tazameni sambaza. Nani hawaiti chakula cha Idjwi? Usiku taa za wavuvi huwaka ziwani, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wapiga kasia huimba kwa sauti moja. Lakini samaki hao waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganika mnamo mwaka 1959. Wazee wetu walimpokea mgeni huyo, wakamtia katika kazi ya pamoja na wimbo wao. Leo yeye ni desturi.

Kahawa pia ilikuja na wageni. Lakini kwa miaka mingi vijana wetu waliivusha usiku kwenda Rwanda kutafuta bei, kila mtu kwa hatari yake, na wengi walizama. Baadaye wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, kahawa ikaoshwa na kuuzwa kwa mwanga wa mchana. Basi jambo jipya linaleta uzima pale tunapolipokea kwa pamoja.

Ndivyo wahenga walivyofundisha kwa Muganuro, sikukuu ya malimbuko, ambamo kila ukoo ulikuwa na kazi yake mbele ya Mwami. Hata hivyo, si kila urithi unastahili kulindwa. Dharau kwa ndugu zetu Wambuti, wenyeji wa kisiwa hiki kabla ya wengi wetu, tuizike bila kilio.

Nami nakiri kosa langu. Nilipoanza utumishi, nilimkemea msichana mbele ya wenzake kwa sababu alijibu fundisho kwa Kihavu. Hakurudi tena. Jumapili iliyofuata alikuja mama mzee, mzazi wa baba yake, akaniuliza: «Mwalimu, Mungu hasikii Kihavu?» Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimesoma seminari ndogo.

Kanisa lilikuwa limekwisha kumjibu. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misa ya majimbo ya Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, ambamo tunawaita wahenga wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Msichana yule sasa anakaa Goma. Kila juma huongea na yule mama mzee kwa telefoni, kwa Kihavu. Urithi niliotaka kumnyang'anya, telefoni imemtunzia.

Wazazi, semeni na watoto wenu lugha yenu, tena bila kuwaonea haya kwa masomo yao. Vijana, ombeni wazee wawafundishe nyimbo na majina ya koo, mkiwa hai nyote. Nasi makatekista, tusiwafukuze mlangoni wale ambao Bwana amewaita kwa majina yao.

Heri ya Yubile!