Hotuba kwa Mkutano wa Mwaka: Pakiti ya Unga na Afya ya Watoto Wetu

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, kina mama, na ndugu wanachama wote wa Mbotela,

Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi ya chama tuseme machache juu ya kazi ya lishe kabla hamjapiga kura juu ya fungu la unga la mwaka ujao. Twashukuru kwa heshima hiyo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karani hupenda kuwasomea wengine methali hiyo. Leo imetuangukia sisi wenyewe.

Kama mjuavyo, chama kimekuwa kikitoa pakiti ya unga wa uji kwa kila mama amletaye mtoto kliniki kupimwa uzito kila mwezi. Shabaha ilikuwa njema: unga umvute mama, mtoto apimwe, na udhaifu wake ujulikane mapema. Kila pakiti iliyotoka imeandikwa, wala hakuna iliyopotea. Lakini siku moja mzee mmoja wa halmashauri alituuliza, "Je, watoto wamepata nini?" Tulifungua daftari ukurasa kwa ukurasa tusione jibu. Tuliandika unga, hatukuandika mtoto.

Ndipo tukaenda kuwauliza kina mama. Mmoja alitueleza kwamba uji ule hunywewa na watoto wake wote wanne, naye haoni kwa nini amnyime yeyote. Wa pili alikosa miezi miwili kwa sababu siku ya kupima ni siku ya kibarua, na pakiti moja hailipi ujira wa kutwa. Wa tatu alicheka akasema mwanawe ana afya tangu kuzaliwa, naye huja kwa ajili ya unga tu. Hakuna kati yao aliyetudanganya. Sisi ndio tuliokuwa hatujawauliza.

Ndugu zetu, jambo hili si dogo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 26 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 hesabu ilishuka hadi 18. Twafurahi kwa kushuka huko, ila mtoto aliyedumaa hangoji chama kijifunze polepole. Kwa hiyo yafaa tutazame waliotutangulia.

Katika Busia na Teso, kuanzia mwaka 2000, shule 25 za chekechea zilipewa uji wa asubuhi, na nyingine 25 hazikupewa, ili zilinganishwe. Penye uji watoto walihudhuria zaidi kwa karibu theluthi moja. Hapo wengi wangalifunga daftari na kushangilia. Lakini watafiti waliendelea kuuliza, wakaona kwamba kazi ya uji ilikula saa za masomo, na kwamba watoto walipata maarifa zaidi pale tu ambapo mwalimu alikuwa amefunzwa vizuri. Uji ulimleta mtoto mlangoni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mwalimu.

Mfano wa pili u karibu nasi, hapo Viwandani, ng'ambo ya reli na viwanda, pamoja na Korogocho. Kuanzia mwaka 2012 kituo cha utafiti cha APHRC kilipima faida ya kuwatembelea kina mama nyumbani na kuwashauri wawape watoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Kabla ya kazi hiyo, waliofanya hivyo walikuwa 2 tu katika 100. Mwishoni, katika vijiji vilivyopewa mashauri hayo, walifika 55. Ni ajabu njema! Lakini katika vijiji vya kulinganishia, vilivyopata huduma ya kawaida tu, nako walifika karibu 55. Kama wangalipima upande mmoja, wangalijitwalia sifa yote. Kwa kuwa walipima pande mbili, walijua kwamba yako mambo mengine yaliyowagusa kina mama wote, nao wakaandika hivyo bila kuficha.

Hapa twasikia mzee akiuliza: je, ni haki kumpa mtoto huyu na kumwacha yule ili mpate kulinganisha? Swali hilo ni la utu, na jibu lake twalipata Embu. Kati ya mwaka 1998 na 2000, katika shule 12 za huko, watoto wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine yenye maziwa, wengine yenye mafuta, na wengine hawakupewa chakula. Waliokula nyama walionekana wepesi zaidi wa akili katika mitihani na wachangamfu zaidi uwanjani. Lakini wale wasiopewa hawakusahauliwa: mwisho wa kazi jamaa zao walipewa mbuzi wa maziwa. Aliyekubali kupimwa kwa faida ya wote alilipwa fadhila.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mashauri manne.

Kwanza, kabla ya pakiti nyingine kutoka, kina mama, wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi wa kliniki na chama wakae meza moja wakubaliane tunataka kujua nini, na mtu asibadili swali baada ya kuona jibu.

Pili, unga wetu hautoshi mtaa mzima kwa wakati mmoja. Badala ya kuwapa kwanza wanaojuana na sisi, safu za nyumba zipigiwe kura: hizi zianze sasa, nyingine zifuate baada ya miezi sita, na watoto wote wapimwe tangu siku ya kwanza. Hivyo tutapata haki na ulinganisho pamoja.

Tatu, agawaye unga asiwe ndiye aandikaye uzito. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa vifaa na serikali kuanzia Septemba 2023, nao wanaijua milango yetu, waandike wao. Vipimo vya mtoto vikae katika kitabu cha mama na mtoto, na chama kipewe jumla tu, bila majina. Twajua wako wazee wasiopenda watoto wahesabiwe. Twawaheshimu, na kwa njia hii hakuna mtoto atakayetajwa mkutanoni.

Nne, matokeo yasomwe kwa kina mama kwanza, hata yakituaibisha. Wafadhili hupenda habari njema, na karani hupenda kuwapendeza. Hatari iko hapo. Ikionekana kwamba unga haukusaidia, bali kupima siku ya Jumamosi kungesaidia zaidi, basi fedha zifuate ukweli.

Hatuwaombi mwondoe fungu la unga. Twawaomba mlipitishe kwa sharti kwamba mwaka ujao, tukisimama hapa, tutakuwa na madaftari mawili: moja la unga uliotoka, na moja la watoto walivyoendelea. Yule mzee aliyetuuliza yumo humu leo. Yatupasa tumpe jibu.