Soko Linalotunza Jengo

Maneno ya mhasibu kwa wanaumoja, kabla ya kuchangia



Nimeombwa kusema machache kabla kapu halijapita. Mimi ni mtu wa hesabu, si wa maneno, kwa hiyo nitawasimulia siku moja tu ya safari, kisha turudi nyumbani.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Istanbul, Uturuki, kwenye mafunzo ya siku tano. Siku iliyofuata ilikuwa yetu, nami na wenzangu wawili tukatoka mapema kutembea. Tulianzia Daraja la Galata, ambako watu hujipanga ukingoni na mishipi yao wakivua samaki, huku magari yakipita migongoni mwao. Ukivuka na kushuka Eminönü unakutana na msikiti mkubwa uitwao Yeni Cami, yaani Msikiti Mpya. Jirani yake kuna soko la viungo lenye dari la matao.

Ndani kuna vilima vya pilipili, bizari, mdalasini, tini kavu na karafuu. Ile karafuu ilinikumbusha jiko la mama siku ya sikukuu. Muuzaji mmoja alinikaribisha chai katika bilauri ndogo, akaandika bei ya zafarani kwenye kikokotoo. Nikakichukua, nikaandika nusu yake. Akacheka, akaandika yake; nami nikaandika yangu. Tulipatana katikati, na bado naamini alinishinda.

Zafarani imekwisha siku nyingi. Ninachokumbuka zaidi ni maelezo ya mwongozaji wetu. Msikiti ule ulianza kujengwa mwaka 1597 kwa amri ya mama wa sultani. Mwanawe alipofariki mwaka 1603, mama huyo akapoteza madaraka, na ujenzi ukasimama. Ulibaki boma kwa zaidi ya nusu karne! Katika miaka ya 1660 mama wa sultani mwingine, Turhan, akaukamilisha. Tena soko lile nalo likajengwa kama sehemu ya mradi huohuo, na kodi ya maduka ikawekwa wakfu ili kuutunza msikiti na huduma zake. Hati ya wakfu huandika wazi: mapato yanatoka wapi, yanatumika wapi, na nani anasimamia.

Nilisimama pale na mfuko wa tini mkononi, nikaikumbuka pampu yetu.

Ndugu zangu, kisima tulikichimba kwa michango yetu. Tukapiga picha, tukacheza ngoma. Pampu ilipoharibika, ikakaa miezi saba bila kufanya kazi, akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Tukachanga tena, na baadhi yenu mlioko hapa mlichanga mara tatu. Nimepitia vitabu vyote, sikuona shilingi iliyopotea. Nilichokiona ni kwamba bajeti ya kisima ilikuwa na fedha za kujenga, na haikuwa na hata mstari mmoja wa matengenezo. Aliyeiandaa bajeti hiyo ni mimi.

Ndiyo maana mwaka huu kamati inawaombeni fedha za kujenga fremu nne za maduka kando ya gulio. Kodi yake itaingia kwenye akaunti ya peke yake, kwa ajili ya kisima na zahanati, basi.

Jana mzee wangu mmoja aliniuliza, "Mwanangu, na hiyo kodi ikiliwa je?" Shikamoo mzee, swali lako ni la haki. Tutafanya kama wale wenzetu: tutaandika. Masharti yatapitishwa na mkutano mkuu kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kila miezi mitatu hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, azisome hata asiye mwanachama. Fremu ikikosa mpangaji, nalo litaandikwa.

Akina mama, naomba mkumbuke kwamba jengo lile lilianzishwa na mama, likakwama, likamalizwa na mama. Hadi leo msikiti umesimama na soko linauza. Sisi hatuombi vikubwa hivyo. Tunaomba fremu nne, ili pampu ikiharibika tena, fundi aitwe siku hiyohiyo na asisubiri harambee nyingine.

Kapu lianzie kwangu.