Mabomba na Gesi katika Majengo ya Vyama: Yale Ayakutayo Fundi

(Maelezo ya fundi wa mabomba mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa majengo ya vyama. Mimi ni fundi bomba, wala si mtu wa hotuba. Kwa hiyo nitasema yale tu ninayoyajua kwa kazi yangu. Hapo mezani nimeweka vitu vitatu: kipande cha mpira, nati moja ya shaba, na kipande cha bomba la plastiki.

Nianze na mpira. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja, kilinunua jiko la gesi kwa ajili ya mgahawa wake, kikaacha kuni. Hilo lilikuwa jambo jema, nalo linapatana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini jiko lilipofika, kamati ilitafuta mtu wa kulifunga kwa bei ndogo kuliko wote, ikampata. Mimi niliitwa miezi kadhaa baadaye, tena si kwa sababu ya gesi, bali kwa sinki lililoziba. Nilipopiga magoti chini ya sinki, nikasikia harufu. Mpishi, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, harufu hiyo naisema tangu masika. Nimeambiwa ni vitunguu vyangu."

Nikaufuata mpira. Ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani, umepitishwa nyuma ya jiko penye joto, ukafungwa kwa waya wa kufungia nondo. Pale penye waya ulikuwa umekatika nusu. Mtungi wa kilo 38 ulisimamishwa humo humo ndani, katika kishimo kilichochimbwa sakafuni ili wageni wasiuone.

Kishimo hicho ndicho kilichonitisha kuliko mpira. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: propani huizidi hewa uzito kwa mara moja na nusu hivi, na butani kwa mara mbili. Haipandi ikatoka dirishani kama moshi, bali hutambaa chini ikatuama mahali pa bonde, kama yafanyavyo maji. Wala si lazima ijae chumba ndipo iwake. Sehemu mbili hivi katika mia ya hewa zatosha. Basi lile dirisha la juu nililoonyeshwa kwa fahari halikuwa na msaada mkubwa. Palitakiwa tundu la hewa usawa wa sakafu, na bora zaidi mtungi ukae nje. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu mbaya huongezwa kwa makusudi ili mtu aonywe. Mama yule alionywa, naye akawaonya wenziwe, wakamcheka.

Nilifunga valvu, nikang'oa regyuleta, nikautoa mtungi nje. Katibu alikasirika sana, kwa kuwa kesho yake ulikuwa Mkutano Mkuu na wanachama zaidi ya mia walitazamiwa kula. Akaniuliza ni nani aliyenipa mamlaka ya kuzima jiko la chama hali niliitwa kwa sinki. Kwa kweli hakuna aliyenipa. Nilimjibu kwamba kuni nitanunua mimi, na hivyo ndivyo walivyopika. Fedha za sinki nililipwa baada ya miezi miwili, jambo ninalolitaja bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu.

Sasa nati. Hii ni ya kawaida, ya dukani. Nimeileta mwone udogo wake. Alfajiri ya 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point huko London, lenye ghorofa 22, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi iliyokuwa imevuja usiku ikalipuka, ikasukuma kuta zilizobeba sakafu za juu, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Jengo lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu kabla. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati ya kuunganisha jiko ilikuwa nyembamba kuliko kipimo kinachotakiwa, ikavunjika. Kuta nazo zilikuwa na kasoro zake, lakini chanzo kilikuwa nati.

Bomba la plastiki nitalieleza kwa ufupi. Lilitoka katika chama kilicholishusha mpaka chini kabisa ya tangi la kuchanganyia dawa ya mibuni. Nguvu ya maji ikipungua katika njia kuu, maji hurudi nyuma, na tangi hunyonywa kuelekea bomba la kunywea. Mdomo wa bomba ukae juu ya ukingo wa tangi kwa kiasi cha kiganja. Dawa yake ni hiyo tu, wala haina gharama.

Nisije nikaonekana mwema peke yangu. Nilipokuwa kijana niliwahi kufukia bomba ukutani bila kulipima, kwa sababu mwashi alikuwa akinisubiri na ndoo ya chokaa. Ukuta ule ulivunjwa mwaka uliofuata. Ndiyo maana nawaomba makatibu: msilipe fedha yote kabla fundi hajapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi mbele ya macho yenu. Povu likivimba, kunavuja. Asipime kwa kiberiti. Nilipata kufanya kazi na mmoja aliyepima hivyo, na nyusi zake zilichukua muda kuota tena. Katika daftari la kumbukumbu za kamati mimi hukuta bei tu. Andikeni pia jina la fundi, tarehe, na mchoro wa mahali yanakopita mabomba, hata ukiwa wa kalamu ya risasi. Na mpishi akisema kuna harufu, jiko lizimwe kwanza, mabishano yafuate.

Ndugu Mwenyekiti, vitu viko mezani. Karibuni mvishike, hasa huo mpira. Mkiukunja mtaona nyufa zake.